Bunduki ya Kamba Inalala kwa Nani

Mume wangu, Fabian Obiero, ni fundi wa baiskeli hapa Nyamasaria. Mikono yake haijui kutulia. Watu wa Milimani wanaokimbiza baiskeli Jumapili humpa vichupa vyao vya gesi, vile vidogo vya chuma vya kujazia gurudumu. Kwa vichupa hivyo na bomba la maji alitengeneza bunduki ya kamba. Akifyatua, gesi inarusha kamba juu ya magugumaji mpaka kwenye mtumbwi uliokwama, na watu wanavutwa ufukweni.

Wazo lilikuwa langu. Magugu yalipomfungia kaka yangu Walter ziwani kutwa nzima, mimi ndiye niliyesema, "Baba Calvince, huo upepo unaojaza gurudumu hauwezi kurusha kamba?" Alicheka. Halafu akaitengeneza. Mfuko wa kamba niliushona mimi, na kuipanga kamba ndani yake ilikuwa kazi yangu.

Kisha akamwoa Dorca. Dorca amesoma, na wageni wakija anawaeleza kwa Kiingereza. Kwetu mke mwenza ni nyieka na wivu ni nyiego. Maneno hayo yamezaliwa nyumba moja, nami sioni haya kuyataja yote mawili. Bunduki ikahamia kwa Dorca. "Kule kuna kabati lenye kufuli," Fabian aliniambia. Naye akahamia huko, eti kuilinda. Miezi minne mlango wangu haukusikia hodi yake.

Agosti wageni wakaja ufukwe wa Dunga kuiona ikifanya kazi. Wakipendezwa, Fabian angezitengenezea fuo nyingine bunduki kama hiyo. Walter akatangulia na mtumbwi katikati ya magugu. Dorca, ndani ya gauni jipya, akaizungusha kamba ndani ya ule mfuko nilioushona, duara juu ya duara, maridadi kama nywele za bibi harusi. Niliona, nikanyamaza. Kamba ya kurushwa haizungushwi. Inashindiliwa kidogo kidogo, kama mboga kwenye gunia. Ukiizungusha, inajifunga.

Fabian akafyatua. Pah! Kamba ikaenda hatua tatu, ikaanguka majini ikiwa fundo moja kubwa.

"Fundi, umevua kambare!" vijana wa ufukweni wakapiga kelele.

"Kamba imeolewa, haitaki kutoka nyumbani!"

Fabian akanitafuta kwa macho. "Mama Calvince, tafadhali."

"Mwite aliyesoma."

"Akello." Jina langu hilo hakuwa amelitamka tangu amlete yule. "Watu wanangoja."

"Bunduki italala kwangu?"

Dorca akafungua mdomo. Fabian akamwangalia, akaniangalia, akaliangalia fundo.

"Italala kwako."

Nikakaa mchangani, nikafungua fundo, nikashindilia. Safari hii kamba iliruka kama kunguru aliyefukuzwa, ikatua mapajani mwa Walter. Wageni wakapiga makofi. Dorca akawaeleza kwa Kiingereza. Sijui kama alisema ni nani aliyeipanga.

Sasa bunduki iko chini ya kitanda changu. Dorca amekuja mara mbili. "Mikayi," ananiita, yaani mke mkubwa, kwa sauti ya asali, "nionyeshe tu kamba inashindiliwaje."

"Wewe umesoma," namwambia. "Isome kamba."

Fabian amerudi kulala kwangu. Majirani wanasema ameifuata bunduki. Na aifuate. Ninachoogopa ni siku atakayojua kushindilia mwenyewe, kwa hiyo akiwa nyumbani, kazi hiyo naifanya nimempa mgongo.