Walinishuku kwa Haja Ndogo

Jumapili moja naikumbuka, mwanangu, ya miaka ile ya Waingereza, nikiwa mke kijana hapa Buganguzi. Padri hajamaliza mahubiri, nikainuka, nikapita katikati ya wanawake waliokaa sakafuni, nikatoka nusura nikimbie. Ilikuwa mara ya pili katika misa hiyohiyo. Nikiwa nimechuchumaa kwenye migomba nikasikia majani makavu yakikanyagwa. Kulikuwa na mtu ananifuata.

Alikuwa mama mkwe wangu, Ma Justina. Alikuwa anaangaza macho huku na huku kwenye kibanja kile cha migomba, akitafuta mwanamume.

"Yuko wapi?"

"Nani, waitu?" nikamwitikia kwa heshima.

"Huyo anayekutoa kanisani."

Nikainuka. Kanga yangu ilikuwa imelowa, maana sikuwahi. Aliiona, lakini uso wake haukulainika. Nadhani hata hiyo aliiona ni ujanja wangu.

Tangu nijifungue mtoto wa pili, haja ndogo ilikuwa inanijia ghafla. Nikisikia maji yanamiminwa mtungini, nakimbia. Nikirudi shamba nikiuona mlango wa nyumba, nakimbia, na nikifika yanatoka matone tu. Nilimficha mume wangu, Rwegasira, kwa aibu. Naye hakuniuliza nakwenda wapi, alianza kutazama natokea upande gani.

Mimi nami nilishuku. Kabla sijaolewa, Ma Justina alikuwa amemchagulia mwanawe msichana mwingine, kwa hiyo niliamini amenitilia kitu katika chakula. Nikawa sili alichopika. Nikapunguza na maji, nikidhani nikikauka haja itakoma. Mkojo ukawa wa rangi kali, wa kuchoma, na haja ikazidi.

Baada ya Jumapili ile Rwegasira alisema nirudi kwa baba yangu, kijijini Ijuganyondo. Ma Justina akamzuia.

"Kwanza aangaliwe. Kama ni mgonjwa tutajua. Kama ni mwongo tutajua pia."

Hakuniacha niende peke yangu. Tulipanda lori la kahawa mpaka Bukoba mjini, kwa mkunga mmoja Mwislamu, Bi. Zuhura, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Aliniuliza kama naona damu, kama nina homa, kama mgongo unauma. Aliposikia kwamba mkojo unachoma, alinituma kwanza hospitali ukapimwe. Haukuwa na ugonjwa. Ndipo akaniuliza nakunywa nini na natafuna nini.

"Natafuna kahawa, kama watu wote," nikasema.

"Iache kwa sasa. Na chai ya rangi uiache. Maji usiache, kunywa kama watu wengine. Na haja ikikujia, usikimbie. Kaa, ubane kule chini, kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe. Achia, bana tena, huku unapumua. Ikitulia, ndipo uende, kwa kutembea."

Ma Justina alimtazama kwa jicho la pembeni. Tulipotoka akasema, "Tangu lini mkojo ukafundishwa adabu?"

Kwa hilo tulikuwa kitu kimoja, maana mimi pia sikumwamini. Tangu utotoni nilisikia kwamba anayezuia mkojo hupasuka kibofu. Nikajiambia wawili hawa wamepatana, na ile dharau ya Ma Justina ni ya kunizuga tu: nife, msichana yule aingie. Na ile habari ya kahawa! Kwetu mgeni akiingia hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, na anayenyimwa hujua hatakiwi. Wageni walipokuja, Ma Justina alipitisha kikapu cha buni mbele yangu bila kusimama, na wanawake wakatazamana. Nililia jikoni siku ile.

Lakini njia nyingine ilikuwa kurudi kwa baba, na watoto wangebaki. Basi nikaanza. Asubuhi kabla sijainuka kitandani nilibana na kuachia, na nikimenya ndizi vilevile. Shambani nilijiambia nimalize kupalilia shina hili kwanza, halafu na lile linalofuata. Mwanzoni ilinishinda, siku nyingine nililowa. Zilipita wiki nyingi kabla sijaona tofauti yoyote.

Kisha shangazi yake Rwegasira akafariki kisiwani Bumbire. Rwegasira alitaka nibaki. Mama yake akasema, "Naye aje." Nilielewa kwamba ananijaribu, maana mtumbwini hakuna pa kujificha.

Tukiwa katikati ya ziwa, maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, haja ikanishika. Wapiga makasia walikuwa mbele yangu, mume wangu nyuma, Ma Justina ananikodolea macho. Nilishika ukingo, nikabana, nikaachia, nikabana. Ikapanda mpaka nikaona nimekwisha, halafu ikalegea yenyewe. Baadaye ikarudi, dhaifu kidogo, nikaifanyia vilevile.

Tuliposhuka nilitembea, mwanangu. Nikamwomba mwenye nyumba anionyeshe choo. Nilipotoka nikamkuta Ma Justina amesimama pale, ameinamisha uso.

"Mimi hunitoka nikikohoa," akasema taratibu. "Tangu nimzae mumeo. Wewe ulikuwa kijana, sikudhani inaweza kukupata. Yule mkunga alisema tubane vipi?"

Nikamfundisha palepale, wanawake wawili nyuma ya nyumba ya msiba. Yeye ilimpungua, mimi ilibaki kunitembelea mara chache, hasa nikionja kahawa. Rwegasira hakusema tena habari za kunirudisha, wala hakuniomba radhi. Kama aliacha kunishuku moyoni, hilo sikulijua kamwe, hata siku niliyomzika.

Basi nisikilize. Jambo la mwili likikupata, liseme mapema, maana ukinyamaza watu watajitungia habari yako. Ukiona damu, maumivu au homa, nenda hospitali kabla ya lolote. Usijinyime maji. Zoezi lifanye kwa uvumilivu, wala usikate tamaa kwa kulowa siku moja. Na mwanamke akiinuka mara kwa mara kanisani au msibani, usimfuate kumpeleleza. Mwulize kwa upole kama anaumwa.

Mungu akujalie afya, mwanangu, na akupe nyumba ambamo unaweza kusema kinachokusumbua, ukaaminiwa.