Kitanda Kisichopakwa Rangi

Binti yangu hunicheka kwamba kila kinachoingia nyumbani lazima nikinuse kwanza, hata zawadi. Acheke tu. Naamini yuko hai kwa sababu ya pua hii, ingawa imani hiyo sijawahi kumweleza daktari yeyote.

Kabla yake tulikuwa na mtoto wa kiume. Tulikuwa tumeoana karibuni, tukikaa Kasese, Uganda, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi: mimi mtu wa Kenya, mume wangu mwenyeji wa kabila la Watoro, na Kiswahili chetu cha kuokoteza ndicho kilichotuunganisha. Alinunua kitanda kidogo cha fito, akakipaka mwenyewe rangi ya kijani kutoka kwenye kopo alilopewa na rafiki yake wa gereji. Kopo lilikuwa limebanduka karatasi yake, halina jina wala maelezo. Kitanda kikang'aa hata majirani wakaja kukitazama. Mtoto alipoanza kuota meno alikuwa akijiinua, anashika fito ya juu na kuitafuna, nasi tunafurahi kwamba ana nguvu. Rangi ikawa inabanduka. Kisha akaacha kula, tumbo likamsokota, degedege likamjia, likarudi, likamchukua.

Wengine walisema malaria, wengine wakasema jicho baya. Kitanda hakuna aliyekitaja. Majirani waliacha kuniita mama wa yule mtoto, wakarudi kuniita bibi ya fundi wa umeme, na kila nilipoitwa hivyo nilitaka kumrushia mtu sufuria.

Mimi niliifikiria ile rangi. Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na shaka tu, na shaka yenyewe ningeitamkaje? Nimwambie mume wangu kwamba huenda kopo lake ndilo lililomuua mwanawe? Nikaimeza, ikakaa nami miaka.

Nilipopata mimba tena, miaka ya sabini mwanzoni, nilimwambia nataka kitanda kipya kutoka Bwera, kule mpakani, na kisipakwe rangi.

"Bila rangi?" akasema. "Itafanana sanduku ya samaki ya Katwe."

"Ifanane."

"Nitanunua rangi ya duka, iko na jina."

"Hata kama iko na jina ya Papa wa Roma."

Akatoka nje. Nikaanza kumshuku na yeye. Mbona anang'ang'ania rangi hivyo?

Fundi wa Bwera alikuwa Mkongomani aliyevuka mpaka wakati wa vita, randa na misumeno imefungwa kwenye baiskeli. Alianza kujisifu kabla sijamwuliza lolote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikauambia moyo wangu. Lakini mikono yake ilikuwa mizuri, hilo sikatai. Fito za mti wa msizi zilikuwa zimechongwa mviringo, hazina kibanzi.

Kwanza akaniletea vanishi. "Hii njo ya bakubwa, Mama, inangaa sana." Ilinichoma macho kabla haijafika puani. Nikaikataa. Akaniletea mawese. Nikamwuliza kama anataka mwanangu alale na sisimizi. Mwishowe akatoa kopo la nta.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa bale bamama ba asali, ba Karambi."

"Hukuyeyusha mishumaa ya kanisani?"

Akafanya ishara ya msalaba. "Mushumaa ya kanisa? Mama, mimi niko Mukatolika! Mungu ananiona!"

Niliomba radhi kwa mdomo, lakini pua haikuomba. Nikainama juu ya kopo. Chini ya harufu ya asali kulikuwa na mafuta ya taa.

"Na haya mafuta ya taa?"

"Ah, kidogo tu, Mama, nta iingie mu mbao. Jua itaitosha, itapotea yote." Akachota kwa kidole, akalamba mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja meza na viti vyao. "Unaona? Sijakufa!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Wewe ni mtu mzima na umelamba mara moja," nikamwambia. "Mtoto atalamba toka asubuhi mpaka jioni, meno yakimwasha. Atalamba mpaka aone mbao."

Kicheko kikaisha. Fundi akanieleza kwamba nta tupu ni kazi ya kuvunja mkono: mbao ianikwe juani mpaka ipate moto, nta iyeyushwe, kisha isuguliwe kwa kitambaa bila kupumzika. Nikamwambia basi uvunjike. Nilikwenda mwenyewe sokoni nikanunua nta chafu, ina mabawa na miguu ya nyuki ndani, na hiyo ndiyo niliyoiamini, maana sijaona anayeghushi miguu ya nyuki. Nikaketi kwenye kigogo nikimwangalia akisugua fito kwa majani ya msasa, kisha kwa nta. Nilipotoka kwenda msalani nilibeba nta yangu.

"Huyu mama iko mubaya kupita polisi ya mupaka," akamwambia mteja mmoja, kwa sauti ya kunifikia.

Kitanda kilifika Kasese juu ya lori la pamba. Mume wangu akakipapasa toka juu mpaka miguuni, kisha akanipa mgongo. Nikajua amekasirika.

Muda ulipita kidogo. Asubuhi moja, nikifuta vumbi, nikaona kwenye fito ya juu vijishimo vilivyopangika, vingine vipya, vingine vimeanza kufifia. Nikawaza panya. Nikawaza fundi ameniuzia kitanda cha mtoto mwingine. Lakini nilikuwa nimekikagua fito kwa fito, na alama zile zilikuwa pana mno kwa mdomo wa mtoto.

Mume wangu alikuwa mlangoni akifunga kamba za buti aende kazini.

"Nani ameuma kitanda?"

Aliendelea kufunga kamba. "Mimi."

"Wewe?"

"Tangu siku ilifika. Ukienda kuchota maji, mimi nauma, nalamba, naenda kazi. Nangoja tumbo iseme."

"Imesema nini?"

"Bado iko kimya." Akamaliza buti moja, ile nyingine akaishika tu mkononi. "Nilitaka rangi ya duka ndiyo nijiambie ile ya kwanza haikuwa na makosa. Ile nilipaka na mkono yangu. Sikuionja."

Miaka yote ile nilidhani nimebeba peke yangu. Nikaketi sakafuni karibu naye, tumbo likiwa limenizuia kuinama vizuri, nikamshika mguu usio na buti.

"Hata mimi sikuionja," nikamwambia.