Dua ya Kuhamia Boma

Juzi nilialikwa Kibiti kwenye dua ya kuhamia nyumba. Tajiri mmoja amenunua boma la Mjerumani, kalipaka rangi ya maziwa, na sasa analiita kasri.

“Hapa waliishi waungwana,” alitutangazia, kidole kikizunguka dari. Waungwana! Nilitazama viatu vyangu nisicheke.

Wanawake wa jirani walipofika, wote walizungukia nyuma. Hakuna aliyeukaribia mlango wa mbele. Tulipowafuata uani, tajiri akatabasamu.

“Mnaiona adabu ya watu wa huku?”

Bibi mmoja akaweka chini chetezo cha ubani. “Si adabu, baba. Wakati wa Maji Maji babu zetu walipitishwa mlango ule wamefungwa kamba, kisa wamekataa kulima pamba ya Mjerumani. Wakanyongwa hapa uani. Sisi hatuupiti.”

“Basi niombeeni tu, bibi, nyumba ipate baraka.”

Dua ikasomwa palepale uani, ndefu kweli. Walitajwa walionyongwa, mmoja mmoja, na tajiri kainua viganja akisubiri jina lake. Mpaka amina ya mwisho halikutajwa. Akashusha mikono, akazunguka, akaingia kwa mlango wake wa mbele, peke yake.