Eda Aliyoianza Upya Dada

Tulikuwa watu wazima sita katika kozi ile ya afya pale Lindi, kila mmoja na kazi yake na cheti chake tangu zamani. Mwalimu wa shule, mkunga, wafunga vidonda wawili, karani wa baraza, na mimi niliyekuwa nakagua nyama machinjioni. Mimi ndiye niliyesoma kidogo kuliko wote. Cheti hiki cha pili kingenitoa kwenye damu na nzi, na nilikitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Bwana Mganga, Mwingereza aliyetufundisha, alitupeleka kijiji cha Kiswere kuua papasi, wale kupe wa sakafuni waletao homa. Kila mmoja wetu alipewa nyumba zake kwa zamu, wengine wakitazama: awatoe watu, achimbue sakafu ya udongo, amwage dawa, kisha afunge milango kwa saa mbili. Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Kiswere, nilipewa mtaa wetu. Nyumba ya nne ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Alikuwa ndani, anamkalia mumewe eda, na alikuwa amebakiza siku kumi na moja.

Ningeweza kumwambia Bwana Mganga. Alikuwa mtu wa kusikia. Mkunga alininong'oneza, “Mwombe aiache nyumba hiyo, kaka. Au niingie mimi nikazungumze naye.” Nikakataa. Aliyesaidiwa alikatwa alama, na sikutaka kuuliza kama kanuni hiyo inaweza kulegezwa.

Niliingia peke yangu.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Umekuja na watu?”

“Tunamwaga dawa. Inabidi utoke kidogo.”

“Nitoke niende wapi? Ua ulianguka tangu shemeji yako anaugua. Nje kote ni wanaume.”

“Ni saa mbili tu.”

“Nimehesabu siku zote hizi sijakosea hata moja,” alisema. “Rudi zikiisha, uchimbe mpaka uchoke.”

Yule mwalimu wa shule akasema kwa sauti kutoka barazani, “Vipi, mtu wa machinjioni, ng'ombe kagoma kutoka zizini?” Wenzake wakacheka. Mimi nami nilicheka, kule ndani, mbele ya dada yangu. Kisha nikamshika mkono nikamvuta hadi mlangoni.

Hakupiga kelele. Mkunga alivua kanga yake ya juu akamfunika, akamkalisha uso ukiangalia ukuta. Jua lilikuwa kali. Alikaa vile saa zote mbili, na Bwana Mganga aliandika alama zangu bila kujua aliyekaa pale ni nani. Nilifaulu. Nilikuwa wa pili.

Jioni ile dada aliianza eda upya, siku ya kwanza. Shehe alimwambia haikuvunjika, maana alitolewa kwa nguvu. Dada alimjibu kwamba yeye ndiye aliyetolewa, na yeye ndiye anayejua alivyotoka. Mvua zikaja, shamba lake halikulimwa. Nilimpelekea unga. Alinijibu salamu, akaniambia niuweke mlangoni, na ulikaa pale mpaka majirani walipouchukua.

Mwezi wa tatu wa hesabu hiyo alishikwa na homa. Haikuwa homa ya papasi. Papasi walikuwa wamekufa. Kazi niliifanya vizuri. Alifariki kabla sijafika.

Wanawake walipokuwa wanamwosha, mmoja wao alikuja kusimama nyuma ya pazia akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki katika ndugu zake. “Tumtie manukato, au tumhesabu yumo edani?”

Shehe alikuwa ameketi karibu yangu. Aliinamisha kichwa, kuonyesha kwamba inafaa, wamtie.

Nikimkubalia, nitakuwa nimesema kwamba eda ya dada ilikwisha zamani, kwamba ile miezi alijifungia bure, na kwamba mimi sikuharibu kitu.

“Yumo edani,” nikasema. “Msimtie.”

Wakamvika sanda bila udi wala karafuu maiti, nasi tukambeba.