Katibu wa Stockholm anayedaiwa kukataa muujiza ni mimi: ukweli ni huu

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Juma lililopita mwanachama mmoja humu aliandika kwamba zamani, huko Stockholm, katibu wa kikundi cha maombi "alimkatalia Mungu muujiza". Katibu huyo ni mimi. Nimestaafu utumishi wa umma, sijastaafu kusema kweli. Nitaeleza nilichokiona, nisichokijua nitakiri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Serikali ilinipeleka kusomea utawala, nikaishi Jakobsberg, kitongoji cha Stockholm, na mke wangu, Mama Neema, pamoja na binti yetu mchanga.

Mke wangu akaugua kifua kikuu. Alilazwa, akaruhusiwa, akapewa vidonge vya kumeza kwa miezi mingi.

Jumamosi tulikuwa tukisali Vällingby, kitongoji kingine cha jiji hilo, Watanzania na Waganda, katika chumba cha kuazima. Kiongozi wetu, Ndugu Mukasa, Mganda mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alimwombea mke wangu.

Kikohozi kikakoma. Naam, kilikoma, sijawahi kulikana hilo.

Wiki tatu baadaye nikakuta vidonge kwenye droo ya soksi, havijaguswa.

"Mama Neema, hii ni nini?"

"Nimepona. Aliyepona anameza dawa ya nini?"

"Daktari amethibitisha?"

"Baba Neema, mimi ni mkeo. Si faili lako."

Mtoto alikuwa amelala kifuani pake. Niliogopa, wakuu.

Jumamosi iliyofuata Ndugu Mukasa akaniagiza niandike katika muhtasari kwamba mke wangu amepona kwa muujiza. Nikaandika, kisha nikasoma kwa sauti: "Ameombewa. Kikohozi kimekoma. Kupona hakujathibitishwa."

"Bwana Katibu," akasema, "hata Roho Mtakatifu unamdai mhuri?"

Wakacheka wote, mke wangu akiwemo.

Nilikasirika, lakini nikaomba tusome habari za yule mwenye ukoma aliyetakaswa na Yesu. Hakuambiwa akatangaze. Aliambiwa anyamaze, aende akajionyeshe kwa kuhani, ambaye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumkagua na kumrudisha kwa watu wake.

Nikauliza: "Kama Bwana mwenyewe hakuogopa ukaguzi, sisi tunamwogopea nini?"

Ndugu Mukasa akafunga Biblia yake taratibu. "Dada, nenda. Nami nitakusindikiza."

"Nitakwenda," mke wangu akajibu, akinitazama mimi, "ila huyu ndiye atakayembeba mtoto."

Jumatatu tukaenda hospitali. Picha ya kifua ilionyesha ugonjwa umepungua sana, lakini bado upo. Daktari alitugombeza kwa haki: dawa ikikatizwa, ugonjwa hurudi na nguvu mpya. Mtoto naye akapimwa. Hakuwa nao.

Nilikaa sakafuni ukumbini, na suti yangu, nikamshukuru Mungu.

Na iwekwe wazi, maana aliyeandika juma lililopita hakulitaja: tangu siku hiyo Ndugu Mukasa hakufungua ibada kabla ya kuuliza, "Dada, umemeza?" Mwaka uliofuata daktari akatamka kwamba mke wangu amepona.

Je, kikohozi kilikomeshwa na maombi au na vidonge vya mwanzo? Sijui.

Nilichojifunza ni kwamba miujiza ya Maandiko ni ishara: inatuonyesha Mungu ni nani, na inamrudisha mgonjwa kwa watu wake akiwa mzima. Ishara ya namna hiyo haimkimbii daktari.

Mwenye maoni tofauti aandike, nitamsoma kwa makini. Lakini kama nyumbani kwako yupo aliyeacha dawa kwa sababu ameombewa, usianze kwa kunijibu.

Mpeleke kwanza.