Karai Kichwani kwa Mkimbiaji

Mwezi uliopita nilikuwa hospitali hapa Busia na mgongo wangu, nikingoja kukandwa. Mbele yangu alikuwa karani wa forodha, mkimbiaji wetu hodari aliyeteguka kifundo cha mguu. Daktari wa viungo alimtembeza koridoni, akatikisa kichwa.

"Mguu umepona, boss. Mbona bado unachechemea?"

"Naogopa, daktari. Nikikanyaga naona kama utateguka tena. Afadhali niache mbio."

Mama muuza samaki aliyekaa kando yangu alichoka kungoja. Aliinuka, akajaza maji kwenye karai lake, akamtwika yule bwana. "Tembea. Yakimwagika utapanguza wewe."

Bwana alinyoosha shingo, macho mbele, akaenda mpaka mwisho wa korido na kurudi bila kuchechemea. Hata tone halikuanguka. Alipotuliwa karai alicheka mpaka akatokwa na machozi, nasi sote benchini tukashusha pumzi. Daktari aliandika kwenye kadi: maji, kila asubuhi, wiki mbili.

Sasa anakimbia tena barabara ya Malaba. Ila kwa wiki hizo mbili majirani walifika mlangoni mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kumpa pole. Mwanaume kubeba maji kichwani? Lazima mkewe amelazwa.