Mwenye Zipu na Msimamizi Wake

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, Phalla alirudi kwa mama yake Kampong Cham, nchini Kambodia, akiwa na begi moja na ujuzi wa miaka kumi na mmoja wa kushona zipu. Zipu tu. Suruali ilimfikia ikiwa nusu, akaitia zipu, akaisukuma kwa jirani yake. Mifuko na pindo vilikuwa kazi ya wengine. Lakini mtaani zilishaenea habari kwamba fundi amerudi, na watu wakaanza kuleta vitambaa: nishonee blauzi, mkatie mwanangu sketi. Phalla akawa anasingizia kichwa kinamuuma. Blauzi hakuwahi kuikata hata moja, na aibu ya kulisema hilo ilimshinda.

Mama yake ndiye aliyemsukuma kwenda kwenye mafunzo ya ujasiriamali, yaliyokuwa yakitolewa kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa karibu na soko.

"Nenda ukajifunze kufungua kitu," alimwambia. "Hapa unanimalizia mchele na kunitazama usoni."

Siku ya kwanza Phalla aliingia ukumbini, akawa anatafuta kiti, mara akamwona Kunthea. Kunthea alikuwa msimamizi wao kiwandani, mwanamke wa sauti kali ambaye wasichana walinyamaza wakisikia kandambili zake. Miaka minne nyuma, baba yake Phalla alipozidiwa, Phalla alimwomba ruhusa ya kuondoka. Kunthea akamjibu kwamba oda haijaisha, asubiri jioni. Alipofika nyumbani alikuta mzee ameshakata roho. Tangu hapo Phalla hakumjibu Kunthea zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Na sasa huyo hapo, kakaa nyuma na daftari mapajani, hana kazi kama yeye.

Mwalimu Virak, kijana mwenye miwani na mzaha mwingi, alimtaka kila mtu aseme anataka kufungua biashara gani na anajua nini kuliko wenzake. Mmoja akataja ndizi za kukaanga, mwingine kahawa ya barafu. Zamu ikamfikia Phalla.

"Nataka kushona sare za shule."

"Vizuri. Umeshashona sare ngapi?"

Phalla akatazama sakafu. "Hata moja."

"Sasa unajua kushona nini?"

"Zipu."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Zipu bila suruali!" akadakia yule wa kahawa. "Sasa utaifunga wapi, dada?"

Kunthea akasimama. "Haya, chekeni, mkimaliza mniambie. Huyu alikuwa anatia zipu mia sita kwa siku. Nilikuwa nazikagua mimi mwenyewe, na sikuwa na huruma. Haikurudi hata moja."

Vicheko vikafa. Phalla alikaa chini uso ukimwaka. Angependa kutetewa na mtu yeyote duniani, isipokuwa huyo.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kuzunguka sokoni wawili wawili. "Msiwaulize watu kama watanunua," Virak aliwaonya. "Watasema ndiyo kwa adabu, halafu hamtawaona. Tazameni wanahangaika na nini." Akampanga Phalla na Kunthea, kwa kuwa wanajuana.

Walizunguka bila kusemezana. Muuza samaki alikuwa amefunga pochi yake ya kiunoni kwa pini. Watoto wa shule walipita na mikoba iliyokazwa kwa kamba. Dereva wa pikipiki alivaa koti lililoachama kifua kizima. Kila walipoona zipu mbovu, Kunthea alichora mstari daftarini. Ilipofika saa sita mchana ukurasa ulikuwa umejaa.

"Watu wanatupa begi zima kwa ajili ya meno mawili ya zipu," Phalla alisema, kisha akashtuka kwamba amemsemesha.

Walikaa kunywa maji ya miwa. Kunthea hakuigusa glasi yake.

"Siku ile ya baba yako..."

"Usiniambie habari za oda."

"Sina habari za oda. Ningeweza kukuruhusu. Niliogopa kugombezwa na wakubwa, nikakuzuia wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Phalla alikoroga barafu ya glasi yake mpaka ikayeyuka. "Siwezi kusema yamekwisha," alijibu mwishowe. "Lakini nimekusikia, dada." Kiwandani alikuwa hajamwita dada hata siku moja.

Wiki ya kuelekea Mwaka Mpya wa Kikhmer, mwezi wa Aprili, waliweka meza na cherehani ya kutengeneza zipu kwenye mlango wa soko, jirani na muuza mabegi, ambaye alikuja juu palepale.

"Mkiyatengeneza ya zamani, yangu atanunua nani?"

"Yasiyotengenezeka tutakuletea wenye nayo wanunue mapya," Kunthea akamjibu. "Na hizo zipu zako tunazijua, shangazi. Wateja wako watakuwa wetu baada ya miezi miwili."

Mama wa mabegi akataka kununa, akacheka.

Asubuhi nzima hakuja mtu. Phalla alishapanga na kupangua vichwa vya zipu mara nne, ndipo pikipiki iliposimama kwa kishindo. Akashuka kijana aliyepakwa poda, juu shati la harusi, chini amejifunga kitambaa, suruali mkononi.

"Mama zangu, niokoeni! Ya kukodi hii, imepasuka zipu, na msafara wa kupeleka matunda kwa bibi harusi unaningoja!"

"Bwana harusi mwenyewe?" Kunthea akauliza. "Basi kaa, usije ukafika kwa bibi harusi bila suruali."

Watu wakaanza kujaa kutazama. Phalla hakuwaona. Vidole vyake vilifumua, vikaweka, vikapitisha sindano kama vilivyofanya maelfu ya mara, na chai ya jirani ilikuwa haijapoa alipomrudishia suruali yake. Kijana akaivaa nyuma ya mabegi, akapandisha zipu, akashusha, akapandisha tena.

"Inateleza kuliko mpya!" akapiga kelele, na wote wakashangilia. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepokea mikoba kumi na saba.

Msimu wa mvua ulipoingia, walikuwa na cherehani ya pili na wateja wa kutoka ng'ambo ya mto. Asubuhi moja akaja mwanamke aliyefanya kazi kwenye kiwanda kilekile, jina lake Sovanny, akasimama mbele ya meza akisokota ncha ya mwavuli.

"Nimesikia habari zenu," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa upande wa vifungo."

Phalla akamvutia kiti.